Miaka minne natibu vidonda vya tumbo na haviponi. Nikienda hospitali nimwambie nini daktari?

Fundi_Nondo (Alhamisi, saa 3 usiku)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mnivumilie, uzi ni mrefu. Mimi ni fundi ujenzi, miaka 38, naishi Goba, Dar. Mwaka wa nne huu nina maumivu hapa kwenye chembe ya moyo, yanachoma kama mtu kaweka kaa la moto. Usiku kwenye saa nane yananiamsha. Nikila kipande cha mkate au nikinywa maziwa yanatulia, saa mbili baadaye yamerudi. Mchana tumbo linajaa gesi, nacheua mpaka wenzangu saiti wanasema nimemeza kompresa.

Nimeshatibiwa hivi. Duka la dawa la kwanza walinipa omeprazoli, ile ya kupunguza tindikali, nikapata nafuu, nikaacha, yakarudi. La pili wakanitoboa kidole, kile kipimo cha mistari miwili, wakasema una H. pylori, yule mdudu wa vidonda vya tumbo, wakanipa kiboksi cha vidonge vingi vya asubuhi na jioni. Nikameza siku nne, nikajiona mzima, vilivyobaki vikaishia kwenye droo. Mwaka uliofuata nikapima tena, mistari miwili, kiboksi tena. Mwaka jana hivyo hivyo. Siku hizi yule dada wa dukani akiniona tu anakishusha kiboksi kabla sijamsalimia.

Juisi ya kabichi nimekunywa. Asali na mdalasini, nimelamba. Unga wa ndizi mbichi, nimekorogea uji. Kuna na dawa moja ya chupa niliuziwa stendi kwa elfu thelathini, ikaniharisha siku tatu.

Sasa Jumatatu nimeamua niende hospitali ya maana. Shida yangu ni moja: nikifika mbele ya daktari najikuta nasema "tumbo linauma", basi, dakika tatu nipo nje na karatasi mkononi. Nimwambie nini ili anielewe? Nipime kipi? Mliopona mlifanyaje?

Nawasilisha.

---

Ngoja_Waje

Wajuzi wanakuja mkuu. Nimekaa hapa pembeni, na mimi gesi inanitesa.

---

Babu_Mizizi

Kijana hospitali utazunguka mpaka uzee. Vidonda vya tumbo vina mizizi, na mzizi hung'olewa kwa mzizi. Ninayo dawa ya siku 21, inakausha vidonda vyote, inaondoa ngiri, mchango, bawasiri, kisukari, inarudisha nguvu za kiume na kusafisha nyota. Njoo PM.

---

Kabwela_Msomi

Babu, dawa moja inatibu kidonda cha tumbo, kisukari na nyota? Hiyo si dawa, hiyo ni ilani ya uchaguzi.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya Loliondo 2011, kwa yule mchungaji wa dawa ya kikombe, kikombe shilingi 500. Nililala ndani ya Noah siku mbili na watu kumi na mmoja, mmoja wao anaharisha. Nilirudi na tumbo bovu kuliko nililokwenda nalo. Kwa hiyo sitaki kusikia.

Fundi, kitu kimoja tu cha kukutia moyo. Hapo zamani mtu wa vidonda vya tumbo aliambiwa ana mawazo, anakula pilipili, apumzike, anywe maziwa. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakamwotesha bakteria huyo huyo wa H. pylori kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Wenzao hawakuwaamini, maana iliaminika kuwa kwenye tindikali ya tumbo hakuna kiumbe anayeweza kuishi. Mwaka 1984 Marshall akachukua gilasi ya bakteria hao akanywa mwenyewe! Siku chache baadaye kichefuchefu, kutapika, pumzi inanuka mpaka mkewe akalalamika. Kamera ilipoingizwa tumbo likaonekana limevimba. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Yaani ugonjwa wako unatibika na kuisha kabisa, siyo wa kubembeleza maisha yote. Ila lazima mdudu athibitishwe na dawa imalizwe, wewe umekula nusu dozi halafu unashangaa.

---

Tabibu_wa_Zamu

Fundi pole. Mimi ni tabibu, nipo kituo cha afya huku mkoani. Humu sitakuandikia dozi, sijakuona wala sijakushika tumbo. Ila umeuliza vizuri, wengi wanaanzisha uzi wa "nipeni jina la dawa".

Kwanza kile kipimo cha kidole. Kinatafuta kingamwili kwenye damu. Kingamwili ni askari. Mwizi ameshafukuzwa mtaani, lakini askari bado wanapiga doria miezi na miezi, wengine miaka. Mtu aliyepona mwaka juzi akipima leo anaweza kupata mistari miwili ile ile. Ndiyo maana kila ukipima "unaye". Inawezekana unaye kweli, inawezekana huna; kipimo hicho hakiwezi kukujibu wewe ambaye umeshatibiwa.

Anayemtafuta mwizi mwenyewe ni kipimo cha kinyesi cha antijeni, au cha pumzi pale kilipo, au kinyama kinachonyofolewa wakati wa kamera. Na hivyo navyo vinadanganyika: ukipima huku unameza omeprazoli, mdudu anajificha na jibu linakuja safi wakati yupo. Kawaida omeprazoli inaachwa wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne. Lakini USIACHE kitu sasa hivi, nijibu haya kwanza:

Unameza dawa gani nyingine? Zote. Hata ambayo wewe huihesabu kuwa dawa, ya mgongo, ya kichwa, ya kuongeza nguvu.

Choo chako kina rangi gani wiki hii?

Umepungua? Suruali inakulegea? Chakula kinapita vizuri kooni?

Umewahi kutapika damu, au kitu cheusi kama masalia ya kahawa?

Kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi?

Sigara, pombe, kiasi gani? Useme ukweli, humu hakuna mkweo.

Hiyo ndiyo orodha ya kwenda nayo kwa daktari pia. Iandike.

---

Mama_Wawili_Tanga

Kaka Fundi pole. Niongezee hapo kwenye aibu, maana wanaume mnasema tumbo, sisi wengine shida iko huko chini na ndiko pagumu kusema.

Nilipojifungua mtoto wa pili nikafunga choo, siku nne, siku tano. Nikienda ni kujikamua, na damu nyekundu kwenye karatasi. Nikajua bawasiri. Sikumwambia mtu hata mume wangu. Nikanunua dawa ya kupaka ya "kukausha kinyama", jamani niliungua, nilikaa upande upande wiki nzima, mama mkwe anauliza mbona hukai vizuri.

Nilipokwenda kliniki nikamwomba nesi wa kike nizungumze naye faragha. Akasikiliza, akaita daktari, wakanipima kwa kidole dakika moja tu, imeisha. Nikapewa dawa ya maji ya kulainisha choo, nikaambiwa nikalie beseni la maji ya uvuguvugu, ninywe maji maana nanyonyesha, nile papai, mchicha, dona badala ya sembe, na nisiende chooni na simu! Nilikuwa nakaa humo dakika arobaini naangalia tamthilia. Kigoda kidogo cha kuwekea miguu kimenisaidia kuliko dawa zote.

Ila daktari alinionya kitu: mama yangu naye ana damu hivyo hivyo, miaka 61, na alikuwa anasema ni bawasiri ya ukoo. Akasema mtu wa umri ule, damu chooni na choo kimebadilika tabia, asiambiwe bawasiri mpaka utumbo mpana umeangaliwa kwa kamera. Tulimpeleka. Ameonekana kinyama kikatolewa humo humo kwenye kamera, bado hakijawa saratani. Alhamdulillah.

---

Ngoja_Waje

Mama Wawili hiyo ya simu chooni imenigusa. Nakuandikia nikiwa humo humo.

---

Fundi_Nondo (Ijumaa, saa 1 asubuhi)

Tabibu asante, nakujibu moja moja.

Sigara sivuti. Pombe Jumamosi tu, bia tatu au nne. Kutapika damu hapana. Uzito kweli nimepungua, mkanda nimeongeza tundu mbili. Kumeza nameza vizuri.

Dawa: hiyo omeprazoli tu, siku nikizidiwa. Labda na diklo, lakini hiyo ni ya mgongo, haihusiani na tumbo. Nilidondoka kwenye jukwaa 2020, mgongo haujakaa sawa, kwa hiyo nameza diklo mbili jioni nikitoka kazini ili nilale. Kila siku ndiyo. Siku ya zege naongeza na asubuhi.

Choo... kwa kweli tangu juzi ni cheusi, cheusi kama lami ile ya barabarani, kinanata, na harufu yake siyo ya kawaida. Nilidhani ni dagaa. Kizunguzungu nacho kipo kidogo, jana nilikaa chini saiti, nikajua ni jua.

---

Tabibu_wa_Zamu (dakika sita baadaye)

Fundi, funga simu, nenda hospitali SASA. Siyo Jumatatu. Usiendeshe pikipiki, mtu akupeleke. Ukifika usipange foleni ya wagonjwa wa nje, nenda dharura na uwaambie maneno haya haya: "Nina choo cheusi kama lami tangu juzi, nina kizunguzungu, nameza diklofenaki kila siku miaka kadhaa."

Usimeze diklo nyingine. Usinywe pombe. Usile kitu mpaka wakuone, wanaweza kutaka kuingiza kamera.

---

Mzee_wa_Kuhoji

Tabibu unamtisha mwenzio bure. Mimi mke wangu alipokuwa mjamzito choo kilikuwa cheusi miezi yote na hakuna kilichotokea.

---

Tabibu_wa_Zamu

Mkeo alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, madini ya chuma yanafanya choo kiwe cheusi, ni kawaida. Fundi hamezi hivyo. Choo cheusi kinachonata, chenye harufu ile, kwa mtu mwenye kizunguzungu ni damu iliyotoka juu, tumboni, ikasagwa njiani. Mtu anaweza kupoteza chupa mbili tatu za damu bila kuiona nyekundu hata tone.

Na kwa wengine mnaosoma kimya: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hizi za maumivu zinapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe. Mtu ananiambia "mimi sina shida, nachomwa sindano." Sindano ni ile ile, inafika tumboni kwa njia ya damu. Ukiwa na H. pylori juu yake, umewapa wawili kazi moja.

Nikiuliza mgonjwa "unameza dawa gani", anajibu hakuna. Nikiuliza "mgongo ukiuma unafanyaje", anatoa karatasi ya vidonge mfukoni. Kila wiki.

---

Kabwela_Msomi

Fundi umefika? Toa taarifa.

---

Kabwela_Msomi (saa 4 usiku)

Fundi?

---

Bitozi_wa_Nera (Jumamosi)

Tumwombee mwenzetu. Wakati tunasubiri niwape ya huku Mwanza, maana nikisikia kila tumbo ni vidonda vya tumbo naumia.

Kaka yangu ni mvuvi, Ukerewe. Alianza tumbo kujaa upande wa kushoto, anachoka, kila mtu anamwambia vidonda, acha maharage, acha pilipili. Akaacha. Siku moja usiku kwenye mtumbwi akatapika damu, damu hasa, nyekundu, kama lita. Wenzake wakadhani kalogwa, wakampeleka kwanza kwa mganga. Tulifika hospitali ya kanda siku ya pili yake amekuwa mweupe viganja vyote.

Hakuwa na kidonda hata kimoja. Ni kichocho. Si kile cha kukojoa damu, ni kile cha tumbo ambacho sisi watu wa ziwani tunakipata tangu utotoni tukiogelea, konokono wamo humo humo kwenye majani ya ufukwe. Daktari alinichorea kwenye karatasi: minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanasafiri mpaka kwenye ini, ini linapata makovu, damu inakosa njia ya kupita, inarudi nyuma, bandama linavimba (ndiyo ule uvimbe wa kushoto) na mishipa ya kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni) inatutumka kama mpira wa baiskeli. Siku ikipasuka ndiyo hiyo. Walimwingizia kamera wakaifunga mishipa kwa vipete vidogo vya mpira, akapewa dawa za kushusha presha ya mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa ziwani, mwambie daktari umekulia wapi. Daktari wa Dar hawezi kujua umeoga ziwani miaka ishirini kama husemi. Na homa ya ini nayo inaweza kufikisha mtu hapo hapo, alituambia wote nyumbani tupime.

---

Mtoto_wa_Githurai

Huku Kenya sisi tunaita ulcers na acid, na hiyo ndiyo ilimmaliza baba mkubwa. Yeye alikuwa Bomet. Alianza kusema ugali unakwama hapa kifuani, lazima asukume na maji. Tukamwambia ni acid, akanunua dawa ya maji ya kutuliza kwa duka, chupa baada ya chupa. Baada ya miezi akawa anameza uji tu. Miezi mingine, hata uji hapana. Kufika kwa kamera, saratani ya umio, imeshaenda mbali. Waliweka kibomba cha kupanua njia ili aweze kumeza, akaishi miezi saba.

Daktari alitwambia huu ugonjwa uko mwingi kwa ukanda wote huu, kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Uganda, Tanzania mpaka Malawi na Afrika Kusini. Sababu zake ni nyingi na zinachunguzwa bado, lakini moja ambayo sisi Wakipsigis tuliguna kusikia ni chai. Vile tunakunywa ikiwa bado inachemka! Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mama bado anacheka akiniona nasubiri chai ipoe.

Chakula kikikwama, hata kama ni mara mbili tatu, hiyo si ya kwenda chemist.

---

Dada_wa_Kimara

Naomba kuuliza. Mimi kila nikiumwa tumbo naambiwa "taifodi". Mwaka huu mara nne. Inawezekana?

---

Tabibu_wa_Zamu

Nimetoka zamu, nitajibu kifupi. Taifodi mara nne kwa mwaka ni ngumu kuiamini. Kile kipimo cha Widal wanachochanganya tone la damu na kimiminika kinaamka kwa mambo mengi, hata kwa mtu aliyewahi kuugua zamani. Taifodi ya kweli ni homa inayopanda siku hadi siku, kichwa, mwili kuchoka. Kipimo chake cha uhakika ni kuotesha damu maabara kabla hujameza antibayotiki. Dada, tumbo lako likiuma unakuwa na homa? Linauma ukiwa na msongo, ukienda chooni linapoa? Siku nyingine unaharisha, nyingine unafunga? Kuna ugonjwa wa utumbo kuwa na hisia kali, tunauita IBS, hauonekani kwenye kipimo cha damu wala kamera, na hauui, lakini unasumbua kweli na watu wanauita taifodi, mchango, mpaka jini. Andika daftari wiki mbili: umekula nini, kimeuma lini, choo kikoje. Nenda nalo.

Na maziwa. Watu wazima wengi wa huku kwetu hatumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, ndiyo gesi na kuharisha. Jaribu kuyaacha siku kumi, au tumia mgando, uone.

---

Dada_wa_Kimara

Homa sijawahi kuwa nayo hata mara moja. Umenipiga na kitu kizito.

---

Babu_Mizizi

Mnajaza kurasa tu. Fundi angechukua dawa yangu Alhamisi angekuwa saiti sasa hivi.

---

Kabwela_Msomi

Babu, heshima yako ni ya umri tu. Fundi hajulikani alipo na wewe unafanya biashara.

---

Fundi_Nondo (Jumatano)

Wakuu nipo hai. MREJESHO.

Ijumaa nilipomaliza kuandika nilitaka kwanza nipitie saiti niwape vijana hesabu ya nondo. Mke wangu alisoma jibu la Tabibu kwenye simu yangu, hakunigombeza, alichukua ufunguo wa pikipiki akautia kwenye sidiria yake, akaita bajaji. Njiani niliona giza mara mbili.

Maswali ya Tabibu nilikuwa nimeyaandika usiku kwenye kipande cha mfuko wa saruji, na majibu pembeni. Nilipofika dharura mdomo ulikuwa mkavu, nikampa daktari kile kipande. Binti mdogo tu, nadhani yuko mafunzoni. Akakisoma mara moja, akaniangalia viganja na kope, akaita wenzake. Hakuna aliyeniambia dakika tatu siku ile.

Wingi wa damu ulikuwa 6.4. Waliniambia mwanaume awe walau 13. Nikatundikiwa chupa mbili za damu na dawa ya tindikali ya mshipa, kisha nikahamishiwa hospitali kubwa kwa ajili ya kamera. Niwatoe hofu kuhusu kamera maana mimi nilikuwa naiogopa kuliko kidonda chenyewe. Hukuli tangu usiku, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kitu cha plastiki, unapumulia pua. Unasikia kutapika-tapika, machozi yanatoka, lakini haikufika dakika kumi. Nililipa laki na ushee kwa sababu bima sina.

Kidonda kipo, siyo tumboni hasa, ni pale utumbo mwembamba unapoanzia, karibu sentimita moja na nusu. Walikiziba kisiendelee kuvuja. Wakanyofoa kinyama, majibu yametoka jana: H. pylori yupo. Kwa hiyo Tabibu ulivyosema, wawili kazi moja.

Nimeruhusiwa na dawa za siku 14, si saba. Mke ndiye mtunza stoo. Diklo marufuku milele, na ndugu zake wote. Mgongo nimepewa parasetamoli na barua ya mazoezi ya viungo. Daktari aliniuliza: "Miaka minne hujawahi kumwambia mtu unameza diklo?" Nikamwambia hakuna aliyeniuliza. Akasema kweli, lakini na wewe hukusema. Tukatazamana.

Jambo moja linanisumbua. Ile omeprazoli ya hapa na pale ndiyo ilikuwa inanifichia maumivu huku kidonda kinaendelea?

---

Tabibu_wa_Zamu

Mungu ni mwema, Fundi. Na msalimie shemeji, huyo ndiye daktari wako wa kwanza.

Ilikuwa inapunguza tindikali, kwa hiyo ulipata nafuu na pengine kidonda kilianza kufunga. Halafu unaacha, diklo na mdudu wanakifungua tena. Sasa ukipewa omeprazoli meza kama nusu saa kabla ya chakula, siyo ukishazidiwa. Ukimaliza dozi wataendelea kukupa kwa muda ili kidonda kifunge. Baada ya hapo urudi kupima kinyesi kuthibitisha mdudu ameondoka: si chini ya wiki nne tangu umalize antibayotiki, na uwe umeacha omeprazoli wiki mbili kwa maelekezo ya daktari wako. Usipime kidole. Kitakuja mistari miwili, utalia bure.

---

Mama_Wawili_Tanga

Ufunguo kwenye sidiria 😂 Wanawake tuna mbinu. Pole sana kaka.

---

Mzee_wa_Kuhoji

Nafuta maneno yangu ya Ijumaa. Nilikuwa nameza diklo za goti huku naandika.

---

Fundi_Nondo (wiki kumi baadaye)

Wakuu naamsha uzi.

Kipimo cha kinyesi nimefanya, mdudu hayupo. Damu imepanda 12.1. Usiku nalala mpaka adhana. Kazi nimerudi nusu nusu, nondo wanabeba vijana, mimi nasimamia na kupiga kelele. Yule dada wa duka la dawa nilipita kumsalimia, akashusha kiboksi, nikamwambia kirudishe.

Sasa Tabibu, kuna jirani yangu hapa, fundi mwenzangu wa bomba, tumbo linamsumbua chembe hapo hapo, dalili kama zangu. Ameniona nimepona, anaomba nimpigie picha cheti changu cha dawa akanunue hivyo hivyo. Namtumia?

---

Tabibu_wa_Zamu

Fundi!

Mle ndani kuna amoksilini, ni ukoo wa penisilini. Una uhakika haimdhuru? Ana miaka mingapi? Anameza nini kwa maumivu? Chakula kinamkwama? Amekulia wapi, ziwani? Choo chake kina rangi gani?

---

Fundi_Nondo

Ngoja nimgongee mlango. Kipande cha mfuko wa saruji ninacho.